Mtaalamu wa Kigeni kutoka Ilolwe

Katika nchi ya Tukuka, ambayo haipakani na nchi yoyote mnayoijua wala haifanani nayo hata kidogo, Waziri Pankrasi Ngolo alikwenda mkutanoni ng'ambo akarudi na huzuni. Alikuwa amegundua kwamba mataifa yote yaliyoketi mezani yalikuwa na utandawazi, mengine tangu zamani, na Tukuka haikuwa nao hata wa kuanzia. Aliwauliza watendaji wake kwa uchungu kwa nini hakuambiwa mapema. Watendaji wakatazamana, kisha mmoja wao akasema kwamba huenda umekwama bandarini.

Kamati ikaundwa. Ikaenda bandarini, ikakaa wiki tatu kwenye hoteli inayotazama bandari, haikuuona. Iliandika ripoti ya kurasa mia mbili kwamba utandawazi utakuja wenyewe endapo nchi itaonyesha utayari. Ndipo ikazaliwa Wizara ya Utandawazi na Mapokezi Yake. Mabango ya kuukaribisha yakatundikwa barabara nzima ya uwanja wa ndege, na Chuo Kikuu cha Taifa kikaamriwa kufundisha Sosholojia ya Utandawazi kwa kila mwanafunzi, hata anayesomea magonjwa ya kuku, ili mgeni akifika akute watu wa kuzungumza naye.

Kati ya wanafunzi hao alikuwamo Atupele Kasyupa wa mwaka wa pili. Alitoka Ilolwe, kijiji cha wakulima wa maharage, ambako mama yake, Bi Matrida, alikuwa na vipande vitatu vya shamba, goti moja bovu na mtoto mmoja tu, ambaye ndiye yeye. Atupele hakuwa msichana wa makeke. Alikuwa na tabia moja tu iliyowasumbua walimu: akiulizwa swali, alikwenda kutafuta jibu.

Mwalimu wa somo lenyewe alikuwa Dakta Ngwegwe, mtu mwembamba mwenye suti moja ya kahawia na kicheko kifupi kama kikohozi. Ukumbi wake ulikuwa na viti tisini na wanafunzi mia nne na kumi. Waliokosa viti walisimama nje wakasikiliza madirishani, na ofisi ya usajili ikawaandika kuwa wanafunzi wa elimu ya masafa. Mmoja wao alikuwa Hamduni, rafiki wa Atupele, ambaye masafa yake yalikuwa mita tatu na mvua ikinyesha yalipungua kidogo.

Kitabu cha somo kilikuwa kimoja, nakala ya nakala ya nakala, na kurasa za katikati zilikuwa zimepotea. Kwa hiyo wanafunzi wa Tukuka walijua vizuri utandawazi ulivyoanza na jinsi utakavyokwisha, ila hawakujua unafanyaje kazi. Mtandao wa chuo ulikuwa umefungwa kwa sababu za kiusalama. Dakta Ngwegwe akafundisha mawasiliano ya dunia kwa kuyachora ubaoni kwa chaki, na wote walikubali kwamba aliyachora vizuri.

Kazi ya kwanza aliyowapa ilikuwa nyepesi kuitamka. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja anachokula, akifuatilie mpaka kilikotoka, aandike alichokiona. Wengi walichagua soda, wakanakili maandishi ya chupa. Atupele alichagua maharage ya bwalo la chuo.

Maharage hayo yalikuja kwenye magunia meupe yaliyoandikwa kwa rangi ya bluu kwamba ni msaada wa kirafiki kutoka ng'ambo. Kila shehena ilipokelewa na Waziri mwenyewe, akalia machozi kidogo mbele ya kamera. Atupele alikuwa amekula msaada huo mwaka mzima bila kuuangalia. Siku hiyo alimwomba mpishi konzi moja ya maharage mabichi, akayamwaga mezani. Yalikuwa mekundu, na kila punje ilikuwa na mstari mweupe kwenye kitovu na madoa mawili meusi ubavuni. Alikuwa ameyachambua maharage hayo tangu hajajua kuhesabu. Hayakuota popote duniani ila kwenye udongo wa Ilolwe.

Alimweleza Dakta Ngwegwe. Dakta akaitazama punje, akaizungusha kwenye kidole, akamwambia aende nyumbani akamhoji aliyeipanda.

*

Basi lilimshusha njia panda, akatembea kama alivyozoea. Alipofika kwenye mteremko wa Ilolwe alikuta uzio wa waya mrefu kuliko nyumba, geti, bendera asiyoijua, na ofisa wa uhamiaji aliyekaa chini ya mwavuli. Ofisa huyo alikuwa na adabu nyingi. Alimpa pole ya safari, akamwomba pasipoti.

Atupele akasema anakwenda kwao. Ofisa akasema anaelewa, watu wengi husema hivyo, lakini tangu Jumanne iliyopita Ilolwe ilikuwa nje ya nchi. Serikali ilikuwa imeitoa kwa kampuni moja ya kilimo kwa miaka tisini na tisa, na ikatangazwa kuwa Eneo Huru la Dunia. Mtu yeyote ndani ya waya alikuwa ng'ambo. Mtu yeyote nje ya waya alikuwa Tukuka. Ofisa akaongeza kwa fahari kwamba hakuna nchi nyingine iliyowahi kupata ng'ambo yake yenyewe kwa haraka namna hiyo.

Wakati huo Bi Matrida alikuwa akishuka mteremko upande wa ndani, ndoo tupu mkononi, akichechemea. Alipomwona binti yake alisimama. Atupele akamwamkia kwa sauti, "Shikamoo, mama." Ofisa akainua kidole, akaeleza kwa upole kwamba salamu ya kuvuka waya ni mawasiliano ya kimataifa na inahitaji kibali. Bi Matrida akaitikia marahaba hata hivyo, na ofisa akaandika kwenye daftari kwamba marahaba moja imepita bila kibali.

Jambo lenyewe Atupele alilielewa kwa kulitazama tu. Uzio ulikuwa umepitishwa kati ya nyumba na kisima. Nyumba za Ilolwe zilibaki ng'ambo, kisima kikabaki Tukuka. Kila asubuhi mama yake alipanga foleni na wanawake wenzake, akaonyesha karatasi yake ya muda, akaingia Tukuka kama mgeni kwa dakika arobaini, akachota, akarudi, na getini ndoo ikafunguliwa ili ikaguliwe kama bidhaa inayopelekwa nje ya nchi. Ikizidi ujazo, iliyozidi ilimwagwa. Ikiwa ofisa hayupo, kisima kilikuwa kimefungwa kidiplomasia.

Mama na mtoto walitazamana mpaka waya ukawa jambo la aibu kwa wote watatu, ofisa akiwemo. Kisha ofisa akamshauri Atupele aende mji mkuu akaombe viza kama watu wengine.

*

Ubalozi wa Eneo Huru ulikuwa chumba namba kumi na moja katika Wizara ya Utandawazi, baina ya stoo na choo. Mama mmoja nyuma ya kioo alimuuliza lengo la safari. Atupele akasema kumwona mama yake na kumalizia kazi ya chuo. Akaulizwa ana uhusiano gani na mwenyeji wake. Akasema ndiye aliyemzaa. Akatakiwa alete uthibitisho kwamba hana nia ya kubaki huko. Atupele akafikiri sana, kwa sababu alikuwa mkweli, na akashindwa kuandika kwamba hana nia ya kubaki kwao.

Ombi lilikataliwa siku ileile. Sababu ilipigwa muhuri mwekundu: mwombaji ameonyesha mapenzi yasiyo ya kawaida kwa nchi anayoiomba.

Alitoka na karatasi hiyo, akaketi kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara. Hakulia. Mtu aliyekuwapo aliniambia kwamba uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu na kupata jibu lilelile kila mara. Hamduni akaja akakaa kando yake, akaisoma karatasi mara mbili, akasema jambo ambalo hata yeye hakujua ukubwa wake.

"Kama wewe huwezi kwenda ng'ambo, si ng'ambo ije huku? Mama yako siku hizi ni mzungu."

Ikumbukwe kwamba Chuo Kikuu cha Taifa kilikuwa na fungu la kuwaalika wataalamu wa kigeni. Mtaalamu wa kigeni aliletwa kwa gari lenye kiyoyozi, akalazwa nyumba ya wageni, akapewa shada, na viza yake ilitolewa ndani ya saa mbili na Waziri mwenyewe. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba awe anatoka nje ya nchi. Fomu haikuuliza kingine.

Atupele aliijaza fomu kwa mwandiko wake mzuri. Jina: Matrida Kasyupa. Anakotoka: Eneo Huru la Dunia. Utaalamu: athari za utandawazi katika ngazi ya kaya. Akampelekea Dakta Ngwegwe aitie sahihi. Dakta aliisoma polepole, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu mgeni ana machapisho?" akauliza.

"Ana mashamba matatu, Dakta."

Dakta akakohoa kicheko chake, akaandika kwenye fomu: machapisho makubwa matatu, yote yanatumika. Kisha akasaini, akijua kabisa anachokisaini. Alimwambia Atupele kwamba kwa miaka kumi na minane amefundisha somo hili au lile na hajawahi kumleta darasani mtu aliyeliona kwa macho.

*

Bi Matrida aliletwa siku ya Alhamisi. Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu alivyoazimwa na jirani. Makamu Mkuu wa Chuo alimpokea kwa hotuba ya nusu saa, akasifu rangi ya ngozi yake iliyostahimili hali ya hewa ya kwetu, akamuuliza kama usingizi umemsumbua kwa tofauti ya saa. Bi Matrida akajibu kwamba saa ni ileile. Makamu Mkuu akawageukia wasaidizi wake, akawanong'oneza kwamba wageni hawa wana unyenyekevu wa ajabu.

Usiku huo nyumba ya wageni ilimkataza Atupele asilale na mama yake, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwasumbua wataalamu. Wakaongea dirishani. Mama alimuuliza anakula nini, mbona amekonda, na kama kweli watu hawa wote wamekuja kumsikiliza yeye. Atupele akamwambia aseme tu yanayotokea. Mama akasema hayo anayajua, ila anaogopa watamcheka. Alikuwa hajawahi kusimama mbele ya watu wengi ila kwenye msiba.

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka wanafunzi wa masafa wakawa na masafa zaidi. Waziri Ngolo alikaa mbele na walinzi sita. Palikuwa na mkalimani pia, kwa sababu kanuni ilisema mtaalamu wa kigeni lazima atafsiriwe. Hakuna aliyefikiri kuifuta kanuni kwa sababu tu mgeni alisema lugha ileile waliyosema watu wote ukumbini.

Bi Matrida akasimama, akashika meza kwa ajili ya goti, akaanza kwa sauti ndogo.

"Kisima chetu kiko nje ya waya. Nikienda kuchota naulizwa karatasi."

Mkalimani akakaa sawa, akatangaza: "Mtaalamu anabainisha kwamba rasilimali ya maji imewekwa katika muktadha wa ushirikiano wa kikanda, na kwamba wananchi wanashirikishwa kwa njia ya nyaraka."

Waziri akapiga makofi. Wanafunzi wakacheka, na Bi Matrida akanyamaza, akidhani anachekwa yeye. Atupele aliona mkono wa mama ukiishika meza kwa nguvu zaidi. Akasimama kati ya watu mia nne, akasema, "Mama, endelea. Tunakusikia."

Mama akaendelea. Alisema maharage wanayoyalima huchukuliwa na magari mpaka bandarini, na mwanawe ameyakuta kwenye sahani ya chuo yakiitwa msaada. Alisema mzee Ambakisye wa nyumba ya tatu alikufa na ndugu zake wakakosa viza ya mazishi, wakazika kwa kuangalia kwenye waya. Alisema hawachukii watu wa mbali, maana hajawahi kuwaona. Aliomba kitu kimoja tu, njia ya kwenda kisimani, na mtoto wake aweze kuja nyumbani.

Mkalimani alifungua mdomo, akasema kwamba mtaalamu anapongeza mnyororo wa thamani. Hakuna aliyecheka safari hii. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akamuuliza Bi Matrida moja kwa moja foleni ya kisimani inachukua muda gani, naye akajibu. Wa dirishani akauliza wazee wanafanyaje. Akajibu. Mkalimani akatafsiri mawili matatu, akaona hakuna anayemtazama, akakaa chini akasikiliza kama wengine. Baadaye ilisemekana yeye ndiye aliyefuta machozi kwa tai.

Waziri Ngolo alifurahi kupita kiasi. Hakuwa amesikia maneno ya mama, alikuwa amesikiliza tafsiri mpaka ilipokoma, kisha akasinzia kwa heshima. Alipoamka alitangaza kwamba hajawahi kumsikia mgeni akiisifu Tukuka kwa undani namna hiyo, akauliza wanasaini nini.

Maana hiyo nayo ilikuwa kanuni. Ziara ya mtaalamu ikimalizika bila kusainiwa kitu, ilihesabiwa kuwa utalii. Hakuna aliyekuwa ameandaa karatasi. Makamu Mkuu akatokwa jasho, akamwona Atupele na kalamu yake, akamwamuru aandike itifaki wakati wa chakula cha mchana, iwe na kurasa nne na isiwe na maana yoyote ngumu.

Atupele aliandika nusu ukurasa. Kwa mara ya kwanza maneno yote aliyoyakariri darasani yalikuwa na kazi. Aliandika kwamba pande mbili zimedhamiria mtiririko huru wa watu, maji na watoto baina ya Tukuka na Ilolwe, wakati wote, bila karatasi, na kwamba geti halitafungwa. Hamduni akajaza kurasa tatu na nusu zilizobaki kwa kutambua hili, kwa kuzingatia lile, kwa kukumbuka lile lililotambuliwa na kwa kutambua lile lililokumbukwa. Nusu ukurasa wa Atupele ukawekwa katikati kama kifungu cha saba.

Waziri alisaini kwa kalamu ya dhahabu bila kufungua. Bi Matrida, aliyejifunza kusoma kwenye madarasa ya ngumbaru akiwa na miaka thelathini, alisoma kurasa zote nne kwa kidole. Waziri, Makamu Mkuu na walinzi sita walimsubiri dakika ishirini na tano. Alipofika kifungu cha saba alisimamisha kidole, akamtazama binti yake kwa muda, kisha akaandika jina lake lote, herufi moja moja.

*

Wizara ilikisoma kifungu cha saba siku tisa baadaye, baada ya ofisa wa getini, aliyeonyeshwa nakala ya Bi Matrida, kupiga simu kuuliza mwavuli wake aupeleke wapi. Wanasheria waliitwa. Walifungua vitabu, wakaeleza kwamba sheria ya Tukuka waliyoitunga wenyewe inaweza kufutwa asubuhi yoyote, lakini mkataba na watu wa ng'ambo hauguswi, kwa sababu ng'ambo watatuonaje. Wizara ikaiandikia kampuni kuomba radhi na kuuliza kama imeudhika. Kampuni ikajibu kwamba uzio haikuuomba. Ilidhani ni mila ya wenyeji.

Geti likabaki wazi. Ilipoonekana kwamba mkataba hauwezi kuadhibiwa, wakaadhibiwa watu. Dakta Ngwegwe alihamishiwa Idara ya Michezo kusimamia mbio za magunia. Atupele alipewa sifuri katika kazi ya kwanza, kwa maelezo kwamba alitumia chanzo chenye uhusiano wa damu na mtafiti, akatakiwa kulirudia somo zima mwaka unaofuata.

Alipokwenda likizo alipita getini asubuhi, hakuna aliyemuuliza kitu. Alimkuta mama kisimani. Alimpokea ndoo, wakapanda mteremko taratibu kwa ajili ya goti, na Bi Matrida akataka kujua kama amefaulu. Atupele akasema amefeli. Baada ya hatua kadhaa mama akauliza kama ni yeye aliyemponza kwa yale aliyoyasema. Atupele akasema hapana. Ilimchukua mpaka mlangoni kumfanya mama aamini, na huenda hakuamini kabisa.

Mwaka uliofuata somo lilikuwa na mwalimu mpya na maandishi mapya ya lazima. Makuu kati ya hayo yalikuwa Itifaki ya Ilolwe, ambayo Waziri Ngolo alikuwa akiitaja kwenye kila mkutano wa nje kama mchango wake kwa fikra za dunia. Mtihani ulikuja na swali moja: Jadili maana ya kifungu cha saba. Atupele aliliandikia kwa muda wa saa tatu. Aliandika juu ya kisima, juu ya ndoo iliyofunguliwa na mzee aliyezikwa kwa kuangaliwa. Alipata alama kumi na moja kwa mia. Pembeni msahihishaji alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mtahiniwa anabuni, na hajaelewa hata kidogo waandishi walikusudia nini.

Alikwenda na karatasi hiyo nyumbani. Bi Matrida alikuwa uani akipepeta maharage. Akamwomba binti yake asome yote, swali na jibu na wino mwekundu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta. Kisha akaweka ungo chini, akaichukua ile karatasi, akayatazama yale maandishi mekundu kwa karibu.

"Huyu hajafika huku," akasema. "Mwandikie aje. Mwambie asilete karatasi."